Posa Bila Mshenga

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Mwalimu Tatu Kibwana alikuwa ameshafika kiwanjani, raba zimefungwa, kanga kiunoni, macho yake yakiwa kwenye ile njia inayotoka upande wa stesheni. Hakuna aliyetokea. Akajiambia bado mapema. Akainama kufunga tena kamba za raba ambazo wala hazikuwa zimefunguka.

Kwa miaka miwili wastaafu wa pale Korogwe walikuwa wakikutana kiwanjani hapo kila siku kabla jua halijawa kali, wanatembea mpaka njia inapokata reli, wanarudi. Filimbi alikuwa nayo Mzee Hiza, askari magereza mstaafu. Na Hiza alikuwa na desturi yake: hakuna kuondoka mpaka kila mtu aseme kwa sauti kilichomtoa kitandani siku hiyo. Alisema mtu asiyejua kwa nini ameamka, kesho haamki.

"Mama Salome?"

"Sukari, afande. Daktari kaniambia nikiendelea kukaa kwenye mkeka nitakuja kukatwa mguu."

"Mdoe?"

"Mke wangu. Akiniona ndani asubuhi ananipa maharage nichambue. Miaka thelathini na tano nimefanya kazi ofisini, leo nichambue maharage?"

Watu wakacheka. Hiza akageuka.

"Mwalimu Tatu?"

"Presha," Tatu akasema, kama alivyosema kila asubuhi.

Mwongo mkubwa. Presha alikuwa nayo, sikatai, na vidonge alimeza. Lakini niambie wewe, presha gani inayomwamsha mama wa miaka sitini na mbili saa kumi na moja alfajiri, ajipake mafuta mazuri, ajitazame kwenye kioo mara mbili, eti anakwenda kutoka jasho? Daktari alimwandikia kutembea tangu hajastaafu. Alitembea wiki moja akaacha. Akarudi ile asubuhi Gregori, mstaafu wa reli, alipojiunga, na hakuacha tena.

"Gregori?" Hiza akaita. "Gregori wa Reli?"

Kimya.

Siku zote Gregori hakusubiri hata kuulizwa. Alimnyooshea Tatu kidole akasema, "Kilichonitoa kitandani ni huyu Mzigua wangu," na kundi zima likaangua kicheko. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Baba yake Gregori alitoka Tabora kuja kukata mkonge Mazinde, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikuita mke wake, unamwita mbwa koko, mnacheka, mnaendelea na safari. Basi humo ndani ya utani ndimo walimojificha wale wawili, mjane na mgane, mchana kweupe, mji mzima ukiwatazama.

"Mtani wako kafa, Mwalimu," Mdoe akasema. "Wahi msibani, kuku wako wa utani asije akaliwa na wengine."

Kundi likacheka. Tatu akafungua mdomo ajibu, maana utani haujibiwi kwa kimya, lakini jibu halikuja. Akaikaza kanga kiunoni.

Alikuwa anakumbuka jana.

Jana wawili hao walikuwa wamebaki nyuma ya wenzao kama kawaida yao. Walipofika relini Gregori akasimama, akashika nguzo.

"Tatu," akasema. Hakusema Mzigua.

"Umechoka, Mnyamwezi? Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe mwili wako tu unakushinda."

"Mkono huu wa kushoto unakufa ganzi. Tangu juzi. Na kifua kinanibana."

"Ukifa niachie ile redio yako."

Gregori alicheka, lakini kidogo tu. Alikuwa anamtazama kwa namna ambayo Tatu hakuizoea, macho ya mtu aliyeamua jambo. "Na jambo la pili. Nataka nikuoe. Sitanii, Tatu. Nimechoka kukuona saa moja kwa siku halafu nirudi kusikiliza redio peke yangu."

Neno hilo Tatu alikuwa amelingoja kama msichana. Lakini lilipofika, aliyemwona mbele yake si Gregori, bali kaka yake Ramadhan wa Handeni. Akaona msikiti, akaona kanisa, akaona wanawe wakinong'onezana kwamba mama kachanganyikiwa uzeeni. Woga ukamkamata. Na Tatu akiogopa hufanya jambo moja tu, hucheka. Akapiga makofi akasema, "Jamani, mtu ana meno manne anataka kuoa!"

Na kwa kuwa alilicheka la pili, hakuweza kurudi kwenye la kwanza. Kama ugonjwa ulikuwa kweli, basi na posa nayo ilikuwa kweli. Akayacheka yote mawili kwa pamoja ili asiwe na la kujibu.

"Haya," Gregori alisema, akiiachia ile nguzo. "Wewe huambiliki. Nitakwenda kusema panaposikika."

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimzunguka kichwani pale kiwanjani, Hiza akiwa bado na filimbi mkononi, simu ya Tatu ilipolia. Alikuwa ni Ramadhan. Na kaka yake huyo hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi isipokuwa kwa msiba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Tatu, umekaa au umesimama?"

"Sema tu, kaka."

"Yule mtani wako wa Korogwe, yule Mnyamwezi wa reli. Yuko huku kwetu Handeni tangu jana. Amelazwa."

"Alifuata nini Handeni?"

"Njoo tu, mdogo wangu. Njoo sasa hivi."

Hiza hakuuliza maswali mengi. Alimtazama Tatu usoni, akawaambia wengine watembee wenyewe leo, akaenda kumwamsha jirani yake mwenye gari la Noah. Tatu aliingia garini na raba zake na jasho lake. Njia nzima aliishika simu mkononi akiomba isilie. Alijua ikilia tena itakuwa na habari ya namna moja tu. Kila gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta alimwambia dereva, "Mwanangu, fanya haraka," halafu likikimbia anamwambia taratibu, kwa sababu upande mmoja alitaka kufika na upande mwingine aliogopa kufika. Mashamba ya mkonge yakapita, vijiji vikapita, yeye haoni kitu. Alikuwa anasema na Mungu. Alisema, "Nilicheka. Nisamehe, nilicheka."

Pale hospitali Ramadhan alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Mzee wa watu mwenye heshima zake, leo alionekana amezeeka kwa usiku mmoja.

"Yu hai?"

"Yu hai. Kaa kwanza."

"Sikai. Niambie."

Ramadhan akaigeuza kofia, akaigeuza tena. "Alikuja jana baada ya swala ya alasiri. Amevaa suti. Kabeba bahasha imefungwa kwenye leso. Tulikuwa wengi barazani, binamu yetu Semboja alikuwepo, kina shangazi walikuwepo. Akasema amekuja kuposa. Tukamuuliza, anamposea nani? Akasema yeye mwenyewe. Mshenga wako yuko wapi? Akasema hana. Sasa Tatu, mtu mzima anajibebea posa yake mwenyewe, tena Mnyamwezi, tena Mkristo, kwenye nyumba ya Wazigua. Ungefikiri nini wewe?"

"Endelea," Tatu akasema.

"Tukacheka. Shangazi akachukua unga akampaka usoni. Semboja akaisoma barua kwa sauti ya khatibu. Watu wakashika mbavu. Yeye kasimama tu anasema, 'Sitanii, shemeji. Naomba mnisikilize, sitanii.' Kadiri alivyosema ndivyo tulivyozidi kucheka. Halafu akaanguka."

"Akaanguka mkafanya nini?"

"Tulijua anaigiza. Unajua watani walivyo. Kina shangazi wakamfunika kanga, wakaanza kumlilia ule msiba wa kutania."

"Kwa muda gani?"

"Sikuangalia saa."

"Kaka Ramadhan. Muda gani?"

"Kama dakika kumi," Ramadhan akasema kwa sauti ya chini. "Mpaka mmoja alipomtekenya nyayo akaona hashtuki."

Dakika kumi. Mtu amelala kwenye vumbi la baraza la kwao, unga usoni, anakufa kweli, na ndugu zake yeye Tatu wanamwimbia wakicheka. Akataka kuwalaani wote, lakini alipotafuta kinywani neno la kuwalaani nalo, akajikuta yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha.

"Barua ninayo," Ramadhan akasema, akamkabidhi.

Mwandiko wa Gregori ulikuwa wa mtu aliyeandika polepole. *Mimi ni Gregori, mstaafu wa shirika la reli. Naomba kumuoa dada yenu Tatu. Nakuja bila mshenga, msinione sina adabu. Nilimwomba Hiza akacheka. Nilimwomba Mdoe akacheka. Nikaona nije mwenyewe. Dini zetu ni mbili, najua ni jambo zito, naomba mnipe nafasi tukae tulizungumze. Kila siku naamka nimtazame akitembea. Nikikosa hilo sijui nitaamka kwa lipi.*

Akaikunja barua. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Hilo la dini, Tatu, nakwambia mapema," Ramadhan alianza. "Namwonea huruma, na kosa letu ninalikubali. Lakini hata akipona..."

"Kwanza apone, kaka."

Mlango wa wodi ukafunguka akatoka Rosa, binti wa Gregori, mama wa watu mwenye kibanda chake cha chakula pale Segera. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amefundishwa na Tatu darasa la tatu, na adabu hiyo haikumtoka hata leo, ila sauti ilikuwa baridi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Anaendeleaje?"

"Jana alipita kwangu nikampigia pasi shati. Kaniambia anakwenda kwenye kikao cha wastaafu. Kumbe anakuja kwenu." Rosa alimtazama Ramadhan, kisha Tatu. "Walimcheka amelala chini, mwalimu. Baba yangu. Hata kama ni utani, hakuna mtu mzima aliyeona kwamba anakata roho? Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wewe mwenyewe ulitufundisha methali hiyo."

"Usiwalaumu wao peke yao," Tatu akasema. Ilimpasa aseme sasa au asiseme kabisa. "Jana asubuhi aliniambia mkono unakufa ganzi, na kifua kinambana. Aliniambia mimi. Nilimjibu akifa aniachie redio."

Rosa akamtazama kwa muda mrefu. Tatu alingoja kofi, au tusi, na alikuwa tayari kwa lolote. Rosa alifuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Kwa nini ulicheka?"

"Kwa sababu aliniambia na la pili. Hilo la pili nililiogopa."

Daktari akaja, kijana mwembamba mwenye usingizi machoni, akawakuta wamesimama hivyo. Akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani, Rosa akaitika.

"Moyo umepata shida kubwa," akasema. "Na amecheleweshwa. Sitawadanganya, leo na kesho ni siku za hatari, lolote linaweza kutokea. Ila kuna kitu nataka kujua. Mzee huyu ana mazoezi?"

"Anatembea," Rosa akasema. "Kila siku, miaka miwili."

"Nilihisi. Asingekuwa na mazoezi saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine." Akatikisa kichwa. "Wazee wengi tunawaambia watembee. Wanatembea siku tatu wanaacha. Huyu nani alimshikilia mpaka akafika miaka miwili?"

Ramadhan akaangalia sakafu. Daktari akadhani hawajui, akaenda zake.

Waliingia wote watatu. Gregori alikuwa kitanda cha pili kutoka dirishani, dripu mkononi, mdomo umekauka. Kwenye nyusi na pembeni mwa masikio bado kulikuwa na unga mweupe. Walimfuta haraka haraka jana, hakuna aliyefika huko. Tatu akalowesha pembe ya kanga kwa maji ya kunywa, akainama, akaanza kuufuta ule unga polepole, akiogopa hata kumgusa kwa nguvu.

Gregori akafumbua macho.

"Mzigua," akasema kwa pumzi tu.

"Nipo."

"Ndugu zako wana unga mwingi."

"Gregori, nisikilize. Usiseme sana. Lile uliloniambia relini, nimekubali."

Gregori akamtazama, kisha upande mmoja wa mdomo wake ukapanda kidogo. "Hata hapa, mtani? Hata mtu akiwa kwenye dripu?"

"Nasema kweli."

"Sawa." Akafumba macho. "Na redio nimekuachia."

Jamani, hakuna aliyewahi kuogopa kama Tatu alivyoogopa dakika ile. Kifo alikiogopa, ndiyo, kilikuwa kimekaa pale kwenye kitanda. Lakini alichokiogopa zaidi ni huyu mtu kuondoka akiamini kwamba hata neno la mwisho lilikuwa mzaha. Miaka miwili walikuwa wakirushiana maneno hayo hayo, mke wangu, mume wangu, utakufa lini, mpaka yameisha nguvu yote. Neno lipi sasa alilobaki nalo ambalo hawajalichezea?

Muuguzi akaja na daftari. "Muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Abaki mtu mmoja, nimwandike. Bibi, wewe ndiye unayebaki? Ni nani wa mgonjwa?"

"Huyu ni mtani wake tu," Ramadhan akasema haraka, kwa sauti ya upole. "Binti yake yupo. Twende nyumbani, Tatu, ukapumzike."

Rosa alikuwa na kikapu cha chupa ya chai mkononi. Hakusogea mbele, wala hakusema kwamba yeye ndiye binti.

Tatu akajinyoosha. Wodi ilikuwa imejaa. Kulikuwa na akina mama wa Handeni waliomjua tangu msichana, kulikuwa na mzee mmoja wa msikiti wa kaka yake amelala kitanda cha mlangoni, macho wazi.

"Andika mchumba wake," akasema.

Wodi nzima ikacheka. Mama mmoja kitanda cha tatu akapiga kigelegele kifupi, akasema, "Wazigua na Wanyamwezi hao, hawaachi hata wakifa." Muuguzi naye akatabasamu, kalamu juu.

Tatu hakucheka. Alisimama pale na machozi yakimtiririka bila kuyafuta, mbele ya kaka yake, akangoja. Kicheko kikapungua. Mmoja baada ya mwingine wakamwona uso wake, wakanyamaza, mpaka ikabaki sauti ya mtoto mmoja tu akikohoa nje kwenye veranda.

"Tatu," Ramadhan akasema.

"Andika, mwanangu," Tatu akamwambia muuguzi. "Tatu Kibwana. Mwalimu mstaafu. Mchumba."

Muuguzi akamtazama Ramadhan, kisha Rosa, hakuna aliyemkataza. Akaandika. Ramadhan alivaa kofia yake, akatoka. Rosa akakiweka kikapu chini ya kitanda, akamfuata.

Tatu alipogeuka alikuta macho ya Gregori yamefumbuka. Yalikuwa yamelowa.

"Hucheki," akasema.

"Sicheki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Gregori. Naogopa."

Alimtazama kwa muda, halafu vidole vya ule mkono wa kushoto, uliokuwa umekufa ganzi, vikajaribu kusogea juu ya shuka. Havikufika mbali. Tatu akavuta stuli, akakaa, akauchukua mkono ule akauweka katikati ya mikono yake miwili. Ulikuwa wa baridi. Gregori akafumba macho tena, na Tatu hakujua kama amelala au vipi, hivyo akaanza kuhesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, akiogopa hata kupepesa macho asije akaikosa moja.